Kusitisha Kikao kwa Mapumziko na Kukirudisha: Mwongozo kwa Wenyeviti na Makatibu

Kila msimu wa mikutano mikuu maswali huwa ni yale yale. Mwenyekiti anaruhusiwa kusema tu "twende tukale"? Mjumbe akiomba mapumziko katikati ya mjadala, ni lazima ipigwe kura? Tukirudi tumepungua, tunaendelea au ndiyo basi? Wanaouliza ni makatibu wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) za kahawa kule Mbozi, viongozi wa SACCOS (vyama vya akiba na mikopo) za Iringa na Mafinga, kamati za shule, vikundi vya parachichi Rungwe na Njombe. Wengi wao wamechaguliwa juzi na hawajawahi kushika kiti wala kalamu ya muhtasari.

Jambo moja lishike mapema, maana makosa mengi yanazaliwa hapa: mapumziko hayafungi kikao. Kikao kinasimama kwa muda uliotajwa, halafu kinaendelea pale pale kilipokatikia, ajenda ile ile, hoja ile ile, mchangiaji yule yule aliyekuwa zamu. Kuahirisha ni kitu kingine: mnatawanyika hadi siku au saa nyingine. Kufunga ni kumaliza kabisa. Katibu akichanganya haya matatu kwenye muhtasari, anampa mtu aliyeshindwa kura sababu ya kwenda kwa afisa ushirika kudai kwamba uamuzi ulipitishwa baada ya kikao kufungwa.

KABLA YA KUANZA, UWE NA HIVI

Masharti ya chama chako, au Kanuni za Kudumu kama ni baraza la madiwani. Hizi ndizo zinatawala. Taratibu zilizoelezwa hapa chini zinafuata desturi ya mabunge na kanuni za Robert, ambazo Henry Martyn Robert, ofisa wa jeshi la Marekani, alizitoa mwaka 1876 na ambazo vyama vingi duniani vinazitumia. Zinaziba pengo pale masharti yenu yaliponyamaza. Masharti yakisema vingine, fuata masharti.

Namba ya akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe wanaotakiwa kuwepo ili kikao kiamue, imeandikwa kwa tarakimu kwenye karatasi mbele ya katibu. Usiandike "nusu ya wajumbe". Andika 60, kama wajumbe ni 120 na masharti yanataka nusu.

Daftari la mahudhurio, na karatasi ya pili ya kuhesabia watakaorudi.

Saa moja tu ya kufuata. Kubalianeni mwanzoni kwamba saa ya kikao ni ile ya ukutani au simu ya katibu. Dakika tano za tofauti kati ya simu na simu zimeleta ugomvi mwingi usio na maana.

Kengele, filimbi, au ile rimu ya gari iliyotundikwa kwenye mti wa shule.

Na taarifa ya kweli kutoka jikoni. Mtume mtu akaangalie sufuria kwa macho yake, usitegemee "kinakaribia".

HATUA KWA HATUA

1. Angalia kama mapumziko yapo kwenye ajenda mliyoipitisha. Kama yapo na saa yake imefika, mwenyekiti hahitaji hoja wala kura. Anatangaza tu. Mkutano ukiwa umenoga na wajumbe wanataka kuendelea kwanza, hapo ndipo kura inahitajika, na kwa kanuni za Robert inatakiwa theluthi mbili, kwa sababu mnabadilisha ratiba mliyokwisha kuikubali. Ndiyo maana ushauri wetu ni mmoja: mkutano wowote unaozidi muda wa saa tatu, weka mapumziko kwenye ajenda tangu mwanzo, na uandike saa ya kutoka na saa ya kurudi. Utaokoa hatua tano zinazofuata.

2. Kama hayapo kwenye ajenda, subiri mahali pa kukatia. Hoja ya mapumziko haimkatishi mtu anayezungumza. Haiingii pia katikati ya kura: kura ikishaanza kupigwa, hakuna mapumziko hadi ya mwisho ipigwe. Subiri mchangiaji akae, nyoosha mkono, uitwe.

3. Toa hoja yenye muda ndani yake. Sema hivi: "Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja kwamba kikao kisitishwe hadi saa 8:00 mchana." Unaweza kutaja dakika ("kwa dakika 20"), unaweza kutaja saa ya kurudi, au unaweza kusema "hadi Mwenyekiti atakapotuita". Hiyo ya tatu itumie pale tu ambapo hakuna anayejua jambo litachukua muda gani, kwa mfano kuhesabu kura. Hoja isiyo na muda, mwenyekiti airudishe kwa mtoa hoja: "Hadi saa ngapi, ndugu?"

4. Iungwe mkono. Mjumbe mmoja mwingine anatosha. Anasema "naafiki" au "naunga mkono hoja". Asipopatikana hata mmoja, hoja imekufa na mjadala unaendelea.

5. Kama kuna hoja nyingine mezani, usiruhusu mjadala juu ya mapumziko. Hapa wenyeviti wapya wanateleza sana: mjumbe anasimama kueleza kwamba asubuhi hakunywa chai, mwingine anajibu kwamba mkutano ulichelewa kuanza, na mwisho wa yote dakika 20 zimeishia kwenye mabishano ya mapumziko ya dakika 20. Kinachoruhusiwa ni marekebisho ya muda peke yake: "Naomba marekebisho, isiwe saa 8:00, iwe saa 7:45." Marekebisho nayo yaungwe mkono, yapigiwe kura kwanza, bila mjadala, kisha hoja yenyewe. Kama hakuna hoja yoyote mezani, mjadala unaruhusiwa kama kwa hoja nyingine ya kawaida.

6. Piga kura. Wingi wa kawaida unatosha. "Hoja imetolewa na imeungwa mkono. Wanaoafiki waseme ndiyo... Wasioafiki waseme siyo... Walioafiki wameshinda." Sauti zikikaribiana, watu wanyooshe mikono na wahesabiwe. Njia ya mkato ipo na ni halali: "Kama hakuna pingamizi, tunasitisha kikao hadi saa 8:00 mchana. Kuna pingamizi?" Nyamaza kidogo kabisa, tazama kushoto na kulia. Akitokea mmoja wa kupinga, rudi kwenye hoja na kura.

7. Tangaza kwa saa, usitangaze kwa dakika peke yake. Ukisema "dakika 45", kila mtu anaanza kuhesabu anapofika kwenye foleni ya chakula. Tangazo kamili lina vitu vitatu: saa ya kurudi, mahali pa kurudia, na jambo litakaloendelea. "Ndugu wajumbe, nasitisha kikao hadi saa 8:00 mchana, tutarudi humu humu ukumbini, na tutaendelea na hoja ya kukataza lumbesa kwenye mizani ya chama. Atakayeanza kuchangia ni mjumbe wa kitongoji cha juu aliyekuwa amenyoosha mkono." Hicho kipande cha mwisho kinawarudisha watu kuliko kengele yoyote. Mkulima wa viazi anayejua kwamba lumbesa, yale magunia yanayojazwa kupita kipimo, ndiyo inayofuata hatakwenda kulala.

8. Katibu asisimame kabla hajaandika mambo manne: saa kamili kikao kilipositishwa, saa ya kurudi iliyotangazwa, maneno ya hoja iliyobaki mezani pamoja na marekebisho yake, na majina ya waliokuwa kwenye foleni ya kuchangia. Yaandike ukiwa umekaa, wengine wakiwa wanatoka. Ukisema utayaandika baadaye, utarudi na kukuta watu watatu wanadai kwamba zamu ilikuwa yao.

9. Wakati wa mapumziko, acha watu waongee lakini usiache waamue. Ni kawaida, na ni vizuri, pande mbili zilizokuwa zinavutana zikutane chini ya mti na kutafuta maneno ya kupatana. Hata mabunge makubwa husitisha vikao kwa kusudi hilo. Ila walichopatana huko si uamuzi wa mkutano. Wakirudi, mmoja wao asimame akiwasilishe kama marekebisho ya hoja, kiungwe mkono, kipigiwe kura. Mwenyekiti naye ajiepushe kuendesha mjadala kwenye meza ya chakula. Waliokaa meza nyingine wana haki ya kusikia.

10. Dakika tano kabla ya saa, piga kengele ya kwanza na tuma vijana wawili wapite kwenye makundi, hasa nyuma ya jengo na kwenye duka la jirani. Saa ikifika, piga ya pili, mwenyekiti akae kitini.

11. Hesabu vichwa kabla ya neno lolote la kikao. Katibu anasema kwa sauti: "Ndugu Mwenyekiti, wajumbe waliopo ni 71, akidi ni 60, akidi imetimia." Mwenyekiti anasema: "Kikao kinaendelea, saa 8:04 mchana." Kisha anaisoma upya hoja iliyokuwa mezani na kumpa nafasi yule aliyekuwa zamu. Hakuna sala ya kufungua, hakuna utambulisho, hakuna kusoma tena muhtasari uliopita. Hayo ni ya kuanza kikao, na kikao hakijaanza upya.

MAKOSA YANAYOHARIBU ZAIDI

La kwanza na kubwa: kurudi kabla ya saa iliyotangazwa. Mmetangaza saa 8:00, saa 7:45 ukumbi umejaa nusu, mwenyekiti anaona akidi ipo na anaanza. Aliyebaki nje kwa kuamini tangazo amenyimwa kura yake, na ana haki ya kulalamika. Kuchelewa kurudi kunaudhi lakini hakuharibu uamuzi. Kuwahi kunaharibu.

La pili ni posho na nauli. Zikigawiwa kabla ya mapumziko, bodaboda za kwanza zinaondoka kabla chakula hakijaisha, na akidi inaondoka nazo. Mhasibu agawe mwisho wa kikao, kwa waliosaini karatasi ya asubuhi na ya mchana zote mbili.

La tatu ni hesabu mbaya ya chakula. Chukua sekunde 15 za kupakua sahani moja: wajumbe 120 kwenye mstari mmoja ni dakika 30 kabla wa mwisho hajapata. Ongeza kunawa mikono kwa jagi moja, na mapumziko ya dakika 45 yameshaisha wakati mtu wa mwisho ndiyo anakaa na wali wake. Weka mistari miwili ya chakula na sehemu tatu za kunawia, au ongeza muda tangu mwanzo. Ukijua hali ya jiko lako, toa muda wa kweli. Saa moja inayotimizwa ni bora kuliko nusu saa inayogeuka saa moja na robo.

Siku ya Ijumaa, panga mapumziko yaendane na swala. Mkutano unaopitisha uamuzi mzito wakati sehemu ya wajumbe wako msikitini hautapata amani, hata kama akidi ilitosha.

HALI TATU ZENYE UTARATIBU WAKE

Mvua juu ya bati. Anayeijua Tukuyu anajua: mvua ikishuka, mwenyekiti anaona midomo inacheza na hasikii kitu. Hapo hakuna haja ya hoja. Mwenyekiti anasema, au anaashiria kwa mkono, "tutulie hapo hapo", na kila mtu anabaki kwenye kiti chake. Si mapumziko, kwa hiyo hakuna anayetoka, na mjumbe yeyote akitaka shughuli ziendelee, mwenyekiti anairudisha nidhamu mara moja. Inafaa pia umeme ukikatika au katibu akitafuta karatasi. Mvua isipokoma baada ya dakika chache, toa hoja ya mapumziko ya kweli.

Kuhesabu kura za siri. Kura zikishapigwa zote na sanduku kufungwa, mkutano unaweza kusitishwa hadi matokeo yawe tayari. Sanduku libaki ukumbini, mezani, mbele ya wasimamizi na mawakala wa wagombea wote. Lisipelekwe ofisini hata kama ofisi ni chumba cha pili na hata kama anayelibeba anaaminiwa na kijiji kizima. Hapa ndipo "hadi Mwenyekiti atakapotuita" inafaa, lakini waambie watu wasivuke uzio.

Fujo. Kwenye Bunge, Spika ana mamlaka ya kusitisha shughuli kwa muda anaoutaja bila kuwahoji wabunge, fujo ikizuka. Masharti mengi ya vyama hayasemi chochote kuhusu hilo. Kama ya kwenu yako kimya na watu wamesimama kwenye viti, mwenyekiti asitishe kwa dakika 15, kikao kikirudi aulize kama kuna pingamizi juu ya alichofanya, na katibu aandike jibu. Dakika 15 zinatosha watu kushusha pumzi. Saa nzima inatosha kila upande kwenda kuita wenzake.

MUHTASARI UANDIKWE HIVI

Njia rahisi ya kujifunza ni kufungua Taarifa Rasmi ya Bunge ya siku yoyote yenye kikao cha asubuhi na jioni. Katikati utakuta mstari ndani ya mabano wa namna hii: Saa 7.00 mchana Bunge lilisitishwa hadi saa 11.00 jioni. Chini yake: Saa 11.00 jioni Bunge lilirudia. Mistari miwili, basi. (Kiti cha Spika wa Bunge si kigeni kwa Nyanda za Juu Kusini: Chifu Adam Sapi Mkwawa wa Uhehe alikikalia kuanzia 1962 hadi 1973 na tena kuanzia 1975 hadi 1994, na Dkt. Tulia Ackson alichaguliwa Spika Februari 2022 akiwa mbunge wa Mbeya Mjini.)

Bunge lina waandishi wanaonasa kila neno. Wewe huna, kwa hiyo ongeza kidogo:

"Saa 7:05 mchana kikao kilisitishwa hadi saa 8:00 mchana, kwa hoja iliyoungwa mkono na kupitishwa kwa wingi wa sauti. Hoja iliyobaki mezani: kukataza lumbesa kwenye mizani ya chama, pamoja na marekebisho ya kuanza utekelezaji msimu ujao. Saa 8:04 mchana kikao kiliendelea kikiwa na wajumbe 71, akidi ilitimia."

Namba ya ajenda isibadilike. Kama mlikuwa kwenye 5.3, mkirudi bado mko 5.3. Wapo makatibu wanaoanza ukurasa mpya wenye kichwa "Kikao cha Mchana" na mahudhurio yake. Msomaji anaona vikao viwili ambapo kilikuwa kimoja. Seneti ya Marekani inaonyesha jambo hili linaweza kuvutwa hadi wapi: kwa kusitisha badala ya kuahirisha kila jioni, siku yake ya kibunge iliyoanza Januari 3, 1980 ilihesabiwa kuwa siku ile ile hadi Juni 12.

MAMBO YAKIKWAMA

Saa imefika, chakula hakijaiva. Mwenyekiti hana mamlaka ya kuzunguka uwanjani akisema "ongezeni nusu saa". Mapumziko yanaisha saa iliyotangazwa. Awaite wajumbe, akidi ihesabiwe, kikao kirudi, kisha itolewe hoja mpya ya kusitisha tena. Inachukua dakika tatu na inalinda yote yatakayofuata.

Mmerudi, akidi haipo. Msijadili wala kuamua kitu. Mnaruhusiwa mambo machache tu: kusitisha tena ili kuwatafuta waliobaki, kutuma watu kuwaita, kupanga saa ya kukutana tena, au kuahirisha. Sitisha kwa dakika 20, tuma bodaboda mbili. Ikishindikana, ahirisheni kwa tarehe na saa. Maamuzi yaliyopitishwa asubuhi akidi ikiwepo yanabaki halali.

Mwenyekiti hajarudi. Makamu anakaa kitini. Naye hayupo? Katibu anaita kikao, anasimamia uchaguzi wa mwenyekiti wa muda kwa wingi wa kawaida, na mwenyekiti akitokea anapokea kiti chake.

Mjumbe mmoja anaomba mapumziko kila baada ya dakika kumi. Ikishakataliwa, hoja hiyo inaweza kutolewa tena, lakini baada ya shughuli kusonga mbele kweli. Ukiona shabaha ni kuchelewesha kura, mwenyekiti ana haki ya kuikataa. Asiyeridhika asimame "kuhusu utaratibu" na mkutano uamue.

Wakati hoja ya mapumziko iko mezani, mwingine anatoa hoja ya kuahirisha kikao. Ya kuahirisha ina nafasi ya juu, ipigiwe kura kwanza. Ikianguka, rudini kwenye mapumziko.

Mwenyekiti alisema "twende tukale", hakuna kura, watu wote wakatoka. Kama hakuna aliyepinga pale pale, hesabu kwamba mkutano uliridhia. Katibu aandike "bila pingamizi" na saa zote mbili. Kupinga kesho yake hakusaidii.

Mliendelea kabla ya saa na mmeshapitisha jambo. Wakishafika wote, mwenyekiti aeleze kilichotokea, asome uamuzi, afungue mjadala mfupi kwa waliokosa, na kura irudiwe. Katibu aandike kura ya pili na saa yake. Ya kwanza isifutwe kwenye daftari. Ipigwe mstari mmoja unaosomeka na mwenyekiti asaini pembeni.

Saa 11 jioni, ukungu umeshashuka Makete, gari la mwisho linapiga honi na bado kuna ajenda mbili. Hapo mapumziko si dawa. Toeni hoja ya kuahirisha hadi tarehe na saa iliyotajwa, katibu aandike ajenda zilizobaki kwa namba zake, na mhasibu afungue mkoba wa nauli.